Alama zangu za sekondari ni mbovu: niombe chuo kikuu au nisubiri?

Swali

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, nilimaliza sekondari mwaka jana. Mwaka wangu wa kwanza wa sekondari ya juu nilikuwa na wastani wa 74. Mwaka wa pili nikashuka hadi 58, na mtihani wa mwisho nikaambulia 52. Hisabati nilipata 41. Katikati ya ule mwaka wa pili baba alipata kiharusi, na mimi ndiye mtoto wa kwanza, hivyo nikawa namhudumia usiku na kusimamia kazi zake mchana. Sasa anaendelea vizuri. Nataka kusoma sayansi ya kompyuta. Rafiki zangu wananiambia niombe vyuo vingi, kimoja hakitakosa kunichukua. Dada yangu anasema niandike insha inayoeleza yote niliyopitia. Kuna pia wakala anayedai atanipatia nafasi bila mtu kuangalia matokeo. Nifanye nini? Niombe mwaka huu au nisubiri?

Jibu

Marahaba. Pole kwa yaliyompata mzee, na nafurahi kusikia anaendelea vizuri.

Omba, lakini usiombe kila mahali, na usitume ombi lolote la sayansi ya kompyuta kabla hujaanza kuishughulikia Hisabati. Wewe unaumizwa kichwa na ule wastani wa 52. Mimi nilipousoma ujumbe wako niliupita, nikasimama kwenye 41. Nitakueleza kwa nini.

Tuanze na jambo ambalo washauri wengi hulisahau: ombi lako litasomwa na nani? Kuna vyuo na nchi ambako hakuna anayelisoma. Kompyuta au ofisi ya taifa inapanga majina kwa alama, nafasi zikijaa mstari unachorwa, aliye chini ya mstari yuko nje. China, alama za gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, ndizo zinazoamua karibu kila kitu. Ujerumani, kwa kozi zinazogombewa, wastani wa cheti cha sekondari ndio unaotawala foleni. Mahali kama hapo unaweza kuandika insha ya kumliza jiwe na isisomwe na mtu yeyote.

Kuna mahali pengine ambako watu wawili au watatu hukaa na faili lako, wakaangalia alama, barua za walimu, insha na mazingira uliyosomea. Vyuo vingi vya Marekani hufanya hivyo, na vya Uingereza kwa kiasi fulani. Halafu kuna vyuo huria, ambavyo havikuulizi sana ulipata nini sekondari. Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969, haidai sifa za kitaaluma kwa sehemu kubwa ya kozi zake za shahada ya kwanza. Unaingia, kisha unapimwa ukiwa ndani.

Nasema haya kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni kuhusu alama mbovu umeandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani. "Simulia hadithi yako" ni ushauri mzuri pale ambapo kuna msomaji. Kwa hiyo dada yako anaweza kuwa sahihi au akawa anakupotezea mwezi mzima, kutegemea unaomba wapi. Chukua vyuo unavyovifikiria, fungua kurasa zao za udahili, na mbele ya kila kimoja andika: kinapanga kwa alama, kinasoma faili, au ni huria. Kazi ya jioni moja, na itakuokolea mengi.

Ukiwa kwenye kurasa hizo utakutana na namba za aina mbili, na watu huzichanganya kila mwaka. Moja ni sifa ya chini ya kujiunga: ukiwa chini yake ombi linawekwa kando, huna wa kumbembeleza. Nyingine ni alama ya aliyeingia wa mwisho mwaka uliopita. Hiyo si sheria. Ni matokeo ya ushindani tu, inapanda wakiomba wengi na kushuka wakiomba wachache. Kijana mwenye 52 akiona kozi ambayo wa mwisho aliingia na 60 hukata tamaa, kumbe sifa ya chini ni 50 na mwaka huu waombaji wanaweza kupungua. Mwingine ana wastani wa 65, anaona yuko salama, hajasoma mstari mdogo unaosema Hisabati isipungue 50. Huyo wa pili ndiye aliyetoka mapema.

Sasa umeona kwa nini nimesimama kwenye 41. Sayansi ya kompyuta, uhandisi, uchumi, takwimu: kozi hizi huwa na sharti la somo, na sharti la somo ni gumu kulegezwa kuliko wastani. Si ukatili. Muhula wa kwanza wa sayansi ya kompyuta mara nyingi una hesabu za kalkulasi na mantiki, na walimu wa idara wanajua wanaoanguka huangukia hapo. Ofisa anayesoma faili lako ana swali moja kichwani, hata kama fomu ina kurasa kumi: huyu akiingia, atavuka mwaka wa kwanza? Kila utakachotuma kitapimwa kwa swali hilo.

Ukiuliza hivyo, picha yako inabadilika. Aliyepata 74, 58, 52 si sawa na aliyepata 52, 52, 52, hata kama karatasi ya mwisho inafanana. Msomaji mzoefu akiona mteremko wa ghafla hujua kuna jambo lilitokea, na hulitafuta. Bahati yako ni kwamba tarehe zinakubaliana: ugonjwa wa mzee umeanza katikati ya mwaka wa pili, na alama zimeanza kuporomoka hapo hapo. Kasoro ni moja: mteremko wako haujarudi juu. Faili linaishia chini. Kwa maneno mengine, una maelezo mazuri ya kwa nini ulianguka, lakini huna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba umeinuka. Karatasi hiyo ndiyo ya kuitafuta, na barua haiwezi kushika nafasi yake.

Kabla sijaendelea, nikuombe jambo ambalo huenda usilipende. Tafuta mtihani wa Hisabati wa mwisho wa sekondari wa mwaka ambao hujaufanya, weka saa mezani, ufanye wote bila daftari wala simu, kisha mpe mtu anayejua ausahihishe. Ukipata 60, basi ile 41 ilikuwa ya usiku wa hospitali, na tatizo lako ni la ushahidi tu. Ukipata 38 wakati huu nyumbani kumetulia, basi kuna mada za nyuma ambazo hukuzielewa, pengine kabla hata ya mzee kuugua. Hilo halina aibu, ila linabadilisha mpango mzima. Nimewaona vijana wakipambana kuingia, wakaingia, wakatolewa baada ya mwaka. Uholanzi hata wameliweka wazi kwenye kanuni: kozi nyingi zisizo na ukomo wa nafasi zinakupokea ukiwa na cheti kinachostahili, bila kushindanisha alama, lakini usipofikisha idadi ya krediti (pointi unazopata kwa kila kozi unayofaulu) iliyowekwa mwaka wa kwanza unaweza kuondolewa kwenye kozi hiyo. Mlango mpana, chujio liko ndani.

Tuje kwenye ushahidi mpya. Njia ziko kadhaa, na sizipendi zote kwa usawa.

Ya kwanza ni kurudia Hisabati peke yake. Naona wengi wakitaka kurudia masomo yote ili kusafisha cheti. Kwako ni kupoteza nguvu. Alama 70 ya Hisabati iliyopatikana mwaka mmoja baada ya 41 inasema mengi kuliko kupandisha masomo sita kwa alama tano tano. Angalia tu kama vyuo unavyovitaka vinakubali matokeo ya mikao miwili tofauti, yaani mitihani iliyofanywa nyakati mbili, maana vipo vinavyodai yote yatoke kwenye mkao mmoja.

Ya pili ni mwaka wa maandalizi. Vyuo vingi vya Uingereza vina mwaka wa msingi unaotangulia shahada, na ukiufaulu kwa kiwango kilichowekwa unaendelea moja kwa moja. Ujerumani kuna Studienkolleg, inayowapokea wanafunzi wa kigeni ambao vyeti vyao haviwapi nafasi ya moja kwa moja. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na ina mtihani wake wa mwisho. Uzuri wa njia hii ni kwamba unafundishwa, hupewi tu nafasi ya kujaribu tena.

Ya tatu ni kuanzia chini na kuhamia juu: stashahada ya chuo cha kati, au kwa Marekani vyuo vya jumuiya, ambavyo vingi humpokea yeyote aliyemaliza sekondari. Unasoma miaka miwili, unahamia chuo kikuu kumalizia miwili. California wameipangia utaratibu kamili: mwanafunzi wa chuo cha jumuiya anayetimiza masharti anaweza kuhakikishiwa nafasi katika mojawapo ya kampasi 6 za University of California zilizo kwenye mpango huo. Na jambo linalonifurahisha kuhusu njia hii ni kwamba ukishakuwa na alama za chuo za mwaka mmoja au miwili, zile za sekondari zinafifia. Kuna vyuo vikuu ambavyo havitaki hata kuziona. Lakini tahadhari: kabla hujajiandikisha, pata kwa maandishi orodha ya kozi ambazo chuo kikuu unachokilenga kitazitambua. Maneno ya mdomo ya mtu wa dirishani hayatoshi. Watu wamesoma miaka miwili wakafika wakaambiwa nusu ya krediti zao hazihesabiwi.

Kuhusu vyeti vya kozi fupi za mtandaoni, ambavyo najua utanitumia ukiniuliza: jifunzie huko kwa raha zako, ni pazuri kwa kujifunza. Ila kozi ambayo mtihani wake unafanywa chumbani bila msimamizi haimshawishi ofisa wa udahili kwamba 41 imekwisha. Programu ndogo uliyoiandika mwenyewe, inayofanya kazi, na ambayo unaweza kueleza kila mstari wake, ina nafasi kubwa zaidi ya kusikilizwa.

Sasa ile barua ya dada yako. Pale panaposomwa faili, iandike, lakini isiwe insha kuu. Insha kuu ni ya kuonyesha unavyofikiri na kwa nini kompyuta. Ukiijaza kiharusi cha mzee, msomaji anamaliza akiwa amekuonea huruma na hajui lolote kuhusu akili yako. Fomu nyingi zina mahali pake. Common Application ya Marekani, fomu moja inayotumika kuomba vyuo vingi, ina insha ya maneno yasiyozidi 650, na kando yake kuna sehemu ya maelezo ya ziada. Kisa chako kinakaa huko. Uingereza, UCAS, chombo kinachopokea maombi ya vyuo vikuu vya huko, wamebadilisha taarifa binafsi, yaani insha ya mwombaji, kuanzia udahili wa mwaka 2026: sasa ni maswali matatu, jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi tupu, na moja kati ya hayo linauliza masomo yako yamekuandaaje kwa kozi. Zaidi ya hapo, fomu ya mwalimu anayekutambulisha ina sehemu ya kueleza mazingira yaliyoathiri masomo. Hiyo itumie. Jambo hili likisemwa na mwalimu aliyekuona ukisinzia darasani lina uzito kuliko likisemwa na wewe. Nenda ukamwone, mpe tarehe, usimwachie akumbuke mwenyewe.

Maelezo yenyewe yawe mafupi, maneno 120 au 150. Angalia hii, ambayo ni ya aina ninayoiona kila msimu:

"Maisha yangu yamejaa changamoto nyingi ambazo zimenifanya niwe mtu imara. Licha ya magumu yote sikukata tamaa, na ninaamini nikipewa nafasi nitafanya vizuri kwa sababu nina ari na bidii."

Hakuna hata neno moja hapo ambalo msomaji anaweza kulithibitisha. Linganisha na hii:

"Katikati ya mwaka wa pili baba yangu alipata kiharusi. Kwa miezi kumi na minne nilikuwa namhudumia usiku na kusimamia kazi zake mchana, na nilikosa vipindi vingi, hasa vya Hisabati vilivyokuwa asubuhi. Wastani wangu ulishuka kutoka 74 hadi 58. Baba amepata nafuu na mdogo wake amehamia nyumbani kusaidia, hivyo jukumu hilo si langu tena. Tangu hapo nimerudia Hisabati na kupata 68. Barua ya hospitali na ya mkuu wa shule zimeambatishwa."

Nimebuni namba na baadhi ya mambo. Weka ya kwako, ya kweli. Lakini tazama inavyofanya kazi. Inasema kilichotokea, kilidumu muda gani, kiligusa masomo kwa njia ipi, kwa nini hakitajirudia, na ushahidi uko wapi. Sentensi ya mdogo wake baba ndiyo ambayo wengi huisahau, na pengine ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu ofisa anayeuliza kama utavuka mwaka wa kwanza lazima ajue nani atamhudumia mzee ukiwa chuoni. Wala haiombi huruma. Haimlaumu mwalimu, haisemi mtihani ulikuwa mgumu. Kama sababu ya kushuka ingekuwa uvivu au utundu wa ujana, ningekushauri useme hivyo kwa sentensi moja na uende moja kwa moja kwenye ulichofanya baadaye. Watu hawa wamekuwa vijana pia, na uongo wa kujipamba wanaunusa mbali.

Wakala mwache. Yeyote anayekuahidi nafasi bila matokeo kuangaliwa ama atakuuzia chuo kisichotambuliwa, ama atakughushia karatasi. Vyuo huthibitisha matokeo kwa baraza la mitihani lenyewe, na udanganyifu ukigundulika hata mwaka wa tatu unafukuzwa, na shahada iliyokwisha kutolewa inaweza kufutwa. Usichanganye hili na chuo huria. Chuo huria kinakupokea kwa urahisi lakini kinakufanyisha mitihani ya kweli kwa miaka, na jina lake liko kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia vyuo vikuu vya nchi husika. Hiyo orodha ipo wazi. Itazame kabla hujatoa hata senti.

Na wale wanaosema uombe vyuo vingi? UCAS inakuruhusu machaguo 5 tu, Common Application vyuo 20, lakini hata pasipo na ukomo, maombi ishirini yaliyonakiliwa yana kasoro ile ile mara ishirini. Kwako ningechagua vitano au sita: viwili ambako unatimiza kila sharti leo hii, ikiwezekana kwa kozi ya jirani kama mifumo ya habari au teknolojia ya habari, ambazo mara nyingi sharti lake la Hisabati ni jepesi, viwili au vitatu vya sayansi ya kompyuta ambako alama mpya ya Hisabati itakufikisha, na kimoja cha kujaribu bahati, kwa sababu kijana akose vipi cha kujaribu bahati. Ukichagua kozi ya jirani kwa nia ya kuhama baadaye, uliza kwanza kama kuhama kunaruhusiwa. Vipo vyuo ambavyo kuingia sayansi ya kompyuta ukiwa tayari ndani ni kugumu kuliko kuingia kutoka nje. Ukiomba Uingereza na ukakosa, usizime simu mapema: mwisho wa msimu kuna utaratibu unaoitwa Clearing, ambapo vyuo hutangaza nafasi zilizobaki, na baadhi ya watu waliokataliwa mwezi wa tatu huitwa mwezi wa nane.

Kuhusu mwaka huu au ujao, uamuzi usiufanye kwa kubahatisha. Waandikie barua pepe watu wa udahili wa vyuo vitatu unavyovitaka zaidi. Usiulize "nina nafasi?" maana watakujibu kwa adabu na hutaambulia kitu. Uliza hivi: "Nina wastani wa 52 na Hisabati 41. Nikirudia Hisabati na kufikisha alama mnayoitaka, je, mtatazama alama mpya peke yake au wastani wa zote mbili? Je, naweza kuomba sasa kwa sharti la kuleta matokeo mapya kabla ya masomo kuanza?" Swali la namna hiyo lina jibu la ndiyo au hapana, na ofisi nyingi hulijibu. Wakisema unaweza kuomba kwa sharti, omba mwaka huu na uanze kusoma Hisabati kesho. Wakisema hapana, basi ombi la mwaka huu liende kwenye zile kozi za jirani na kwenye mwaka wa msingi, na sayansi ya kompyuta isubiri msimu ujao. Una miaka 19. Kuanza chuo ukiwa na 20 au 21 hakuna ofisa atakayekuuliza kwa nini, hasa akiona mwaka huo wa katikati una alama ya Hisabati ndani yake.

Barua ya hospitali iombe wiki hii, na mkuu wa shule mfuate kabla shule haijafungwa. Hizo ndizo karatasi zinazochelewa.